Paris kwa Baiskeli ya Wote

Safari yangu ya Paris ilikuwa ya vitabu. Katika mtaa wa Grands Moulins, wilaya ya 13, iko maktaba ya BULAC, yenye hazina kubwa ya maandishi ya lugha za Asia, Afrika na Ulaya ya Mashariki, Kiswahili kikiwamo. Jengo hilohilo lina chuo cha lugha cha INALCO, ambacho chimbuko lake ni shule iliyofunguliwa mwaka 1795, na ambako Kiswahili kinafundishwa hadi leo. Nilikwenda kusoma. Lakini nilifikia upande mwingine kabisa wa jiji, wilaya ya 19, kaskazini mashariki, kwa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ni mpishi katika mgahawa mmoja wa katikati ya mji. Kutoka mlangoni kwake hadi kwenye vitabu vyangu ni kilomita saba hivi, na mengi ya niliyoyaona Paris niliyaona katika kilomita hizo.

"Shemeji, metro ni nzuri," aliniambia usiku ule nilipofika, tukila pilau aliyoipika mwenyewe. "Lakini ukiingia ardhini hapa ukaibukia kule, mji hutaujua. Chukua baiskeli. Mimi nikitoka kazini usiku mkubwa metro imeshafungwa, na baiskeli ndiyo inayonirudisha nyumbani."

Nilidhani ana baiskeli yake ndani. Hakuwa nayo, wala jirani zake wengi hawakuwa nazo. Asubuhi alinitoa nje, tukavuka barabara, na pale pembeni ya njia ya waenda kwa miguu zilikuwa zimepangwa baiskeli zinazofanana, za kijani na za buluu, kila moja imeshikwa gurudumu la mbele na nguzo fupi ya chuma. Hiyo ndiyo Vélib', baiskeli ya umma ya Paris. Za kijani zinakwenda kwa nguvu ya miguu tu. Za buluu zina mota ya umeme inayomsaidia anayekanyaga. Vituo vyake vimezidi 1,400, vimesambaa Paris na miji midogo inayoizunguka, na ndani ya jiji lenyewe mpango tangu mwanzo ulikuwa mtu asitembee zaidi ya mita 300 hivi bila kukutana na kituo.

Shemeji alinifundisha kwa utaratibu, kama anavyomfundisha kijana mpya jikoni. Kwanza unanunua ruhusa, kwa simu au kwenye mashine ya kituoni: ya safari moja, ya siku, au ya mwaka kwa mkazi. Unatoa namba ya kadi ya benki, na unakubali kwamba baiskeli isiporudi, watakata dhamana ya mamia ya yuro. Unapewa namba ya mteja, unajichagulia na namba ya siri. Kwenye usukani pana kidude chenye kioo kidogo na vitufe. Unakiamsha, unaingiza namba zako, kufuli inaachia, unaivuta baiskeli kwa nyuma.

"Subiri, usipande," akasema. Akabinya tairi la mbele kwa dole gumba, kisha la nyuma. Akainua baiskeli kidogo akazungusha pedeli kusikiliza cheni. Akabana breki zote mbili. Akapandisha siti hadi usawa wa nyonga yangu. Yote hayo hayakuchukua muda mrefu kuliko kufunga kamba za viatu, na kila niliposimama kituoni baada ya hapo niliwaona wenyeji wakifanya vivyo hivyo, wanaume kwa wanawake, wenye suti na wenye ovaroli. Fundi wa baiskeli wa kule kwetu angewaelewa bila mkalimani.

Njia yangu ilianzia kwenye bwawa la Villette, pale Stalingrad, ikafuata mfereji wa Saint-Martin kuelekea kusini. Mfereji huu uliamriwa na Napoleon mwaka 1802 na kufunguliwa mwaka 1825, ili kuleta maji safi na mizigo katikati ya jiji. Una urefu wa kilomita nne na nusu, na maji yake yanashuka ngazi kwa ngazi kupitia malango makubwa yanayofungwa na kufunguliwa kupitisha mashua. Juu yake yamepita madaraja ya chuma yaliyopinda mgongo. Saa mbili asubuhi, ubaridi ukiwa bado haujakatika, unakwenda chini ya miti huku maji yako pembeni yako, mbele yako kuna mama aliyempakia mtoto kwenye baiskeli ya mzigo, nyuma yako kijana wa chuo, na hakuna anayekimbizana na mwenzake. Baadaye mfereji unatumbukia chini ya ardhi, juu yake pakawa bustani ndefu na masoko, ukaibuka tena Bastille penye bandari ndogo ya mashua. Hapo nilivuka mto Seine kwenye daraja la Austerlitz, nikafuata ukingo hadi minara minne ya maktaba ya taifa, na baada yake Grands Moulins.

Baiskeli ya kijani ni nzito. Uzito wake unazidi kilo ishirini. Imetengenezwa iweze kustahimili mvua, watu wa kila umbo, na kugongwa kila siku. Ina gia tatu tu, kapu la mbele, na taa zinazojiwasha zenyewe. Si ya mashindano. Lakini kwenye njia tambarare, ikishapata mwendo, inateleza vizuri, na ndani ya nusu saa na ushei nilikuwa mlangoni mwa maktaba.

Kisha nikajifunza kazi yenyewe, ambayo ni kurudisha. Unaisukuma baiskeli hadi gurudumu la mbele lishikwe na nguzo, unasubiri mlio, unatazama kioo kikuthibitishie kwamba safari imefungwa. Shemeji alikuwa ameshanionya: "Usiipe mgongo mpaka ikuambie imefika." Hadi hapo saa inahesabu na dhamana yako iko rehani. Ikishasema imefika, umemaliza. Huna kufuli ya kununua, huna ghorofa ya kuipandishia, huna wasiwasi wa mwizi mchana kutwa. Unaingia kusoma kitabu, na mtu mwingine usiyemjua ataipanda baiskeli uliyoiacha, labda kabla hujafungua ukurasa wa kwanza.

Wahenga wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kadiri nilivyozunguka na baiskeli hizi ndivyo nilivyoona kwamba historia yote ya baiskeli ya umma ni historia ya watu waliokuwa wakipambana na methali hiyo. Mwaka 1965 huko Amsterdam, vijana wa kundi lililoitwa Provo, mmoja wao akiwa Luud Schimmelpennink, walipaka baiskeli chache rangi nyeupe wakaziacha mitaani bila kufuli, kila mtu apande, afike aendako, amwachie mwingine. Polisi walizikamata, kwa sababu sheria ilikataza kuacha baiskeli bila kufungwa. Mwaka 1974 mji wa La Rochelle, pwani ya Ufaransa, uliweka baiskeli za manjano kwa ajili ya wote. Mwaka 1995 Copenhagen ikajaribu sarafu: unatumbukiza, unachukua baiskeli, ukirudisha unapewa sarafu yako. Wazo zuri, lakini sarafu moja ni bei rahisi mno ya baiskeli, na aliyetumbukiza hajulikani ni nani.

Kilichobadilisha mambo ni kadi. Mji wa Rennes ulianza kutumia kadi ya elektroniki mwaka 1998, na Lyon ikaja na mfumo mkubwa mwaka 2005. Sasa kila baiskeli iliyochukuliwa ilikuwa na mwenyewe, kwa jina, mpaka irudi. Paris ikafuata tarehe 15 Julai 2007, wakati wa meya Bertrand Delanoë, ikianza na baiskeli kama 10,000 na vituo 750, na kuongeza karibu mara mbili ndani ya muda mfupi. Kampuni ya matangazo ya JCDecaux iliugharimia na kuuendesha mfumo, nayo ikapewa haki ya mabango ya matangazo ya jiji.

Hata hivyo kadi peke yake haikutosha. Katika miaka ya mwanzo maelfu ya baiskeli ziliibwa au kuvunjwa. Zilitupwa mtoni, zilining'inizwa mitini, zilikatwa vipande. Jiji lingeweza kusema watu wetu hawana ustaarabu, tufunge. Halikufunga. Liliimarisha kufuli, likatengeneza zilizovunjika, likaendelea kuzirudisha mitaani. Wakati mmoja sehemu ya matengenezo ilikuwa ikifanyikia ndani ya mashua kubwa iliyogeuzwa karakana, ikipita kwenye mto Seine kutoka gati hadi gati kukusanya baiskeli mbovu. Mwaka 2018 mfumo ulijengwa upya chini ya mkataba mpya, ukatoka nje ya mipaka ya Paris na kuingiza baiskeli za umeme. Miezi ya mwanzo ya mabadiliko hayo ilikuwa migumu, vituo vikachelewa kukamilika na wateja wakalalamika sana. Lakini watu walilalamika kwa sababu baiskeli zilikuwa zimeshakuwa zao.

Jambo lililonigusa kuliko yote halimo kwenye maelekezo ya mashine. Nililiona jioni moja kwenye kituo cha karibu na Jaurès. Mama mmoja wa makamo, amevaa koti refu, kapu lake limejaa mboga, alirudisha baiskeli, akasikia mlio, akachukua vitu vyake. Kisha akarudi. Akalegeza siti, akaizungusha mpaka pua yake ikatazama nyuma, akaikaza tena, akaenda zake. Nilimuuliza shemeji maana yake. "Anamwambia atakayekuja kwamba hiyo ina kasoro," alisema. "Labda breki, labda cheni. Hapa kila mtu anajua. Ukiona siti imegeuka, unaipita."

Tangu hapo nilianza kuzitazama. Baiskeli inayopandwa na watu wengi kila siku lazima ipate hitilafu, na yule mama, amechoka, mboga zimemwelemea, angeweza kuondoka tu. Saa yake ilikuwa imeshafungwa na dhamana yake iko salama. Hakuna aliyekuwa akimdai chochote. Alirudi kwa ajili ya mtu asiyemjua, ambaye hatamwona wala hatamshukuru. Hakuna anayelipwa kwa desturi hii na hakuna anayeadhibiwa kwa kuiacha. Imeota yenyewe miongoni mwa watumiaji, na mimi naona ndiyo dalili kwamba kitu cha umma kimekomaa: pale watu wanapoanza kukitunza kwa niaba ya wengine. Mwizi wa mwaka wa kwanza na mama huyu ni wakazi wa mji mmoja. Katikati yao kuna miaka ya mafundi kutengeneza na jiji kutokata tamaa.

Siku ya mapumziko ya shemeji tulipanda Belleville. Paris watu huidhani tambarare, na bondeni mwa Seine ni tambarare kweli, lakini upande wa mashariki na kaskazini kuna vilima: Belleville, Ménilmontant, Montmartre. Kilele cha Montmartre kina mita kama 130 juu ya usawa wa bahari, na Belleville haipitwi kwa mengi. Tulichukua za buluu. Mtaa wa Belleville unapanda moja kwa moja bila huruma, katikati ya maduka ya Wachina na mikate ya Kitunisia, na mota ilikuwa ikinisukuma polepole kwa nyuma kila nilipokanyaga. Juu, kwenye bustani ya Belleville, jiji lote lilikuwa chini yetu, mnara wa Eiffel ukiwa mbali magharibi.

"Sasa angalia kituo," shemeji akaniambia. Kilima kina tabia yake: asubuhi kila mtu anateremka na baiskeli kwenda kazini, na jioni hakuna anayetaka kuipandisha, anaiacha bondeni, anapanda metro au basi. Bila mtu kuingilia kati, vituo vya juu vitakauka na vya chini vitafurika hadi anayefika akose pa kuiacha. Ndiyo maana kuna magari yanayozunguka yakibeba baiskeli kutoka zilikojaa kwenda zilikopungua, kazi isiyokwisha, kama kuchota maji kwenye ngalawa inayovuja. Na ndiyo maana mwaka 2008 jiji likaweka zawadi: mtu akirudisha baiskeli kwenye kituo cha mlimani aliongezewa dakika kumi na tano za kuitumia bure safari nyingine. Wapo wanafunzi na vijana wenye mapafu mazima waliozikusanya dakika hizo kwa jasho lao.

Nilikaa pale nikitafakari hesabu hiyo. Tangu siku ya kwanza Vélib' ilijengwa juu ya nusu saa: mwenye ruhusa akichukua baiskeli ya kawaida, dakika thelathini za kwanza hazikuwa na malipo ya ziada; akizidisha, alilipa. Mgeni anaweza kuona ni ukali. Lakini nusu saa inatosha safari nyingi za ndani ya jiji, na inakufundisha kwamba baiskeli imepewa safari yako, haijapewa siku yako. Ukikaa nayo kutwa, nje ya mgahawa au ya ofisi, umewanyima wengine wote ambao wangeipanda muda huo. Bei imewekwa ili kitu kizunguke.

Mara nyingi nilikuwa nikitoka maktaba jioni na kupitia katikati ya mji ili niione Rivoli. Ni barabara ndefu iliyonyooka, upande mmoja jumba la Louvre, upande wa pili maduka yaliyo chini ya matao. Kwa miaka mingi ilikuwa mto wa magari. Mwezi Mei mwaka 2020, watu walipoanza kutoka majumbani baada ya kufungiwa kwa ajili ya korona na wengi wakiogopa kubanana kwenye metro, jiji chini ya meya Anne Hidalgo liliyaondoa magari binafsi katika sehemu kubwa ya barabara hiyo, likaiachia baiskeli, mabasi na teksi. Jioni pale inapita mito miwili ya baiskeli inayopishana, na pembeni kuna nguzo yenye kioo inayomhesabu kila anayepita na kuonyesha idadi ya siku hiyo. Niliiona namba ikipanda nilipopita, na mimi nikiwa ndani yake.

Njia hizi hazikuota kama uyoga. Ukingo wa kulia wa Seine, ambako sasa watoto wanajifunza kuendesha na wazee wanaota jua, ulikuwa barabara ya kasi iliyofunguliwa mwaka 1967 kwa ajili ya magari. Jiji lilifunga zaidi ya kilomita tatu zake mwaka 2016. Wenye magari waliwaka. Mwaka 2018 mahakama ikaufuta uamuzi huo. Jiji likaandika amri upya kwa hoja nyingine, na safari hii ikasimama. Agosti 2021 mwendo wa magari katika mitaa mingi ya Paris ulishushwa hadi kilomita 30 kwa saa. Kila mita ya njia ya baiskeli niliyopita ilikuwa imegombaniwa katika kura, katika mahakama, katika mikutano ya wilaya.

Wala ugomvi haujaisha. Oktoba 2024 mwendesha baiskeli kijana aligongwa na gari katikati ya jiji akafariki, na waendesha baiskeli wa Paris na miji mingine wakakusanyika kumlilia na kudai usalama. Shemeji huvaa kizibao chenye kung'aa kila usiku, ingawa taa za baiskeli zinawaka. "Barabara ni ya watu wote, lakini chuma hakina huruma," alisema. Nilimwangalia siku moja akitoka kazini saa saba usiku, mikono ikinukia vitunguu, akibonyeza tairi kwa dole gumba kama alivyonifundisha. Kwa mfanyakazi wa usiku kama yeye, anayekaa mbali kwa sababu kodi ya katikati haishikiki, baiskeli ya umma ni nauli ya teksi isiyokatwa kwenye mshahara wake. Watalii tunaipanda kwa raha. Wapishi, wauguzi na wasafishaji wa ofisi ndio walioipa maana.

Nikiwa huko sikuweza kuacha kuiwaza Dar es Salaam. Sisi si wageni wa baiskeli. Bodaboda yenyewe ilizaliwa kwenye keria ya baiskeli, pale mpakani Busia, kabla pikipiki hazijaichukua. Shinyanga na Kisumu watu wamebebwa na baiskeli za abiria kwa miaka mingi. Mikate, madafu, maziwa na mkaa vinaingia mitaani kwetu kwa baiskeli kila alfajiri. Jirani zetu wa Kigali, mji wa vilima vitupu, walianzisha baiskeli za pamoja mwaka 2021, na mara mbili kwa mwezi, Jumapili, hufunga baadhi ya barabara zao kwa magari ili watu watembee na kuendesha. Hoja kwamba jua ni kali au milima ni mingi nimeisikia sana, Kigali imeijibu.

Naamini pa kuanzia kwetu Dar es Salaam ni kwenye vituo vya mabasi ya mwendokasi. Tangu mabasi hayo yaanze mwaka 2016, watu wa Kimara wanafika mwisho wa njia haraka, kisha wanatoa nauli nyingine ya bodaboda kufika nyumbani. Hapo, kwenye kipande hicho kifupi cha mwisho, ndipo baiskeli ya umma inapofaa: kituo kikubwa penye basi, vituo vidogo penye soko, zahanati, shule na msikiti, kila baada ya mwendo mfupi wa miguu. Dhamana isiwe kadi ya benki, ambayo wengi wetu hatuna. Iwe namba ya simu iliyosajiliwa na pesa ya simu, ambayo muuza mboga anayo sawa na mhasibu. Kimara ni vilima, na Belleville imeshatuonyesha la kufanya: anayeipandisha baiskeli mlimani alipwe dakika. Na kabla ya baiskeli ya kwanza kununuliwa, njia ya pembeni isafishwe. Pale ambapo imejengwa na kuachwa, imejaa meza za biashara na pikipiki zilizoegeshwa, na huwezi kumlaumu mfanyabiashara ambaye hajatengewa mahali pengine. Atengewe kwanza, kwa heshima, kisha njia iachwe iwe njia.

Zitaibwa? Baadhi zitaibwa. Paris ziliibwa kwa maelfu, katika mji wenye polisi wengi na kadi za benki. Tofauti kati ya mji uliofaulu na ulioshindwa haitakuwa wizi wa mwaka wa kwanza. Itakuwa kama mwaka wa pili bado kuna fundi anayelipwa kwa wakati, gari linalozihamisha usiku, na bajeti ambayo haikufa na hotuba ya uzinduzi. Atakayezindua mpango kama huu kwetu ajipange kwanza kwa hayo: mafundi, vipuri, mishahara yao ya miaka mitano, na mahali pa uhakika pa kuirudisha baiskeli. Watu wakijua kwamba kesho watazikuta pale, zikiwa zimejazwa upepo, watazirudisha, na baada ya muda watazilinda wenyewe bila kuambiwa.